Kusimamisha Tena Nyumba Zilizoanguka

Hotuba iliyosemwa mbele ya wakristu na wageni siku ya Yubile, baada ya Misa



Halmashauri ya parokia imeniomba niseme neno juu ya watu wanaojitolea kujenga tena nyumba za wenzao zilizoharibika. Mimi si mwalimu wala mhubiri. Ni fundi mwashi, na kazi yangu ni kupanga tofali juu ya tofali. Mtaniwia radhi basi, nikisema zaidi juu ya miti na potopoto kuliko juu ya mambo ya juu. Lakini nadhani waliochagua habari hii kwa siku ya leo walichagua vema. Tazameni Kitabu cha Walawi, sura ya 25: hapo Yubile si ngoma wala karamu. Ni mwaka wa hamsini, ambamo baragumu hupigwa, na kila mtu aliyeachana na shamba la wazee wake hulirudia, akakaa tena pamoja na jamaa yake. Ndiyo kusema, tangu mwanzo Yubile ilikuwa habari ya watu kurudi kwao. Na sisi wa Ituri twaisherehekea katika nchi ambamo maelfu ya watu hawajarudi kwao. Baadhi yao wameketi hapa pamoja nasi asubuhi hii, na jioni watalala chini ya bashi la plastiki.

Katika nchi nyingine nyumba huangushwa na tufani. Kwetu Bunia tufani ya bahari haitufikii, wala haitatufikia. Wataalamu wanatuambia kwamba upepo ule mkuu unaozunguka kama gurudumu hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe, na nguvu hiyo karibu na ikweta haipo kabisa au ni ndogo sana. Nasi tuko digrii moja na nusu tu kaskazini ya mstari ule. Pwani ya mashariki wanaijua. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Tangu hapo Pemba, iliyoponea, ikaipita Unguja kwa karafuu. Miaka 80 baadaye, siku ileile ya 15 Aprili, mwaka 1952, nyingine iliuharibu mji wa Lindi. Na sote tulisikia habari za mwaka 2019: Idai iliyoingia Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, ikaua watu zaidi ya 600 katika Msumbiji peke yake, na wengine wengi katika Zimbabwe na Malawi, kisha, kabla machozi hayajakauka, Kenneth ikapita Komoro na kuifikia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili. Huko vijana wa vijiji, wanaume kwa wanawake, walianza kuokota mabati yaliyotawanywa na upepo, kuyanyosha kwa nyundo na kuyapigilia tena, kabla motokari ya msaada haijaonekana. Hilo ni jambo la kukumbuka: mtu wa kwanza kumsaidia aliyebomokewa ni jirani yake, naye mara nyingi amebomokewa vilevile.

Tufani ya kwetu ina majina mengine. Moja ni moto wa mlima, nyingine ni moto wa mikono ya watu.

Juu ya moto wa mlima, wasemaji ni ndugu zetu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukakata uwanja wa ndege, ukapita madukani, ukamezwa na ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walikuwa wamekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Lakini baada ya siku chache tu walianza kurudi, wakitembea juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa linatoa moshi. Wakubwa wa mashirika ya msaada walishangaa. Walikuwa wamefikiri juu ya kambi katika Rwanda, kumbe watu walikuwa wanafikiri juu ya viwanja vyao.

Na kiwanja kilikuwa wapi? Hapo ndipo fundi anaanza kusikiliza kwa makini. Moto wa mlima haubomoi nyumba tu. Unaizika nyumba pamoja na mpaka wake. Mti wa mwembe uliokuwa alama kati yako na jirani, jiwe la pembeni, njia ya kwenda kisimani, vyote viko chini ya mwamba mweusi wenye urefu wa mtu au zaidi. Ilipasa wazee wa mitaa wakae pamoja na kukumbuka: hapa palikuwa na fulani, pale palikuwa na mjane fulani. Baada ya hapo ndipo nyundo zilianza. Mwamba ule haukubali kuchimbwa shimo la nguzo, basi watu waliuvunja juu juu, wakasawazisha, wakapanga mawe kuwa msingi, na juu yake wakasimamisha nyumba za mbao nyepesi. Mji mzima ulijifunza kujenga kwa jiwe lilelile lililoubomoa. Wageni wanaopita Goma huona kuta nyeusi na kusema ni desturi ya huko. Ni kweli, lakini ni desturi iliyonunuliwa kwa bei kubwa.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulimwaga tena. Safari hii moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini upande wa Buhene na Kibati maelfu ya nyumba ziliungua, na watu wapatao 30 walikufa. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 ya mji ihame, na njia ya Sake ikajaa watu. Wale waliowapokea Sake, Minova na Rutshuru hawakuwa na kitu. Walifungua milango tu. Nasema hilo kwa sababu mara nyingi tunahesabu msaada kwa magunia na hatuhesabu vyumba vilivyogawanywa kwa pazia ili jamaa mbili zikae ndani.

Sasa nije kwetu. Hapa sitasema mengi juu ya sababu za vita, kwani nyote mnazijua, na kila mmoja anazijua kwa upande wake. Vita vya 1999 hata 2003 vilikula, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 50,000, na nusu milioni wakakimbia. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipokwisha kuondoka, mji huu ulipiganiwa mtaa kwa mtaa. Mapadri wawili waliuawa parokiani Nyakasanza. Maelfu ya watu wakajikusanya kando ya uwanja wa ndege, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, na mahali pale pakawa mji wa mabashi. Kisha, baada ya miaka ya utulivu mdogo, mwezi wa Desemba 2017 moto ukawaka tena katika Djugu. Vijiji vikachomwa, watu wakaja Bunia, na tangu 2019 kambi ya Kigonze ikawa makao ya wengi wao. Hata kambini hawakuwa salama wote: usiku wa tarehe 1 Februari 2022, pale Savo, karibu na Bule, watu karibu 60 waliuawa ndani ya vibanda vyao.

Kati ya tufani na moto huu kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Upepo hauna kabila. Ukiisha kupita, jirani humsaidia jirani bila kuuliza maswali, kwani hakuna wa kumlaumu. Lakini nyumba iliyochomwa na mkono wa mtu inaacha swali juu ya kila tofali: ni nani aliyechoma? Na anayekuja kujenga leo, ndugu yake alikuwa wapi siku ile? Ndiyo sababu kujitolea kujenga katika Ituri ni kazi ngumu kuliko Beira. Udongo ni uleule, nyasi ni zilezile, lakini mtu anayekupokezea potopoto mkononi anakutazama usoni.

Niseme kwanza juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi wenye moyo mwema hufika bila kuijua.

Nyumba yetu ya kijiji, ikiwa ni ya miti na potopoto au ya matofali mabichi, ikichomwa, mara nyingi kinachoungua ni paa na milango. Kuta hubaki zimesimama, nyeusi, lakini imara. Adui wa kuta hizo ni mvua. Ukuta wa udongo usio na paa hunyeshewa kuanzia kichwani. Masika moja unapasuka, masika mbili unainama, ya tatu unarudi kuwa ardhi. Basi mtu aliyekimbia mwaka mmoja akirudi atakuta nyumba inayohitaji paa tu; akirudi baada ya miaka mitano atakuta kichuguu kilichoota majani. Kwa hiyo nawaambia vijana wetu siku zote: anzeni na paa. Ukipata manjanja 20 (wageni wetu wa Uganda huyaita mabati) usijenge nyumba moja nzuri mpya kando ya njia, mahali pa kupigwa picha. Tembea kijijini, hesabu kuta zinazoweza kuokolewa, na uzifunike kabla ya mwezi wa Aprili. Pasipo na manjanja, nyasi nzuri zilizofungwa vizuri zatosha, ingawa nazo huogopa moto.

Matofali mabichi hufyatuliwa wakati wa jua, kati ya Desemba na Februari. Anayekuja kujitolea mwezi wa Mei atasimama chini ya mwavuli akitazama matofali yake yakiyeyuka. Ya kuchoma ni bora, sikatai, lakini tanuri hula kuni, na vilima vyetu vimekwisha kunyolewa. Siwezi kumshauri mtu akate mikalitusi yote ya kijiji ili ajenge nyumba 10, kisha nyumba ya 11 ikose boriti. Na paa lifungwe kwa ukuta. Katika hili tufani ya wenzetu yatufundisha: upepo hausukumi paa, bali hulinyanyua, kama mtu anyanyuavyo kifuniko cha chungu. Mwamba wa paa uliolazwa tu juu ya ukuta utaondoka. Wazungushieni waya nene ulioshikwa na matofali ya mistari minne au mitano chini, na misumari ya manjanja iwe na kofia. Ni gharama ndogo. Tumeona wote madarasa yaliyoezuliwa na upepo wa mvua ya kwanza, na si kwa sababu upepo wa Bunia una nguvu za ajabu.

Jambo la kuogopesha zaidi: msiingie katika magofu kwa haraka. Katika mahali palipopiganiwa huweza kubaki bomu au risasi chini ya majani. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse, wekeni alama mbali nacho, mkawaite wanaohusika. Mtoto anayetumwa kuokota matofali ya zamani asiende peke yake.

Kisha kuna kiwanja. Katika mji huu, wakati wa vita, nyumba za watu waliokimbia zilikaliwa na watu wengine waliokimbia kutoka kwao. Wengine walitoka kwa amani, wengine hawakutoka, wengine waliuza kisichokuwa chao. Anayejitolea akichimba msingi bila kuuliza, aweza kujenga ugomvi mpya kwa nguvu zake mwenyewe na kwa jasho lake la bure. Kabla ya nguzo ya kwanza, chifu wa kijiji au wa mtaa, wazee wa pande zote, na majirani wa mipaka minne waitwe wasimame pale, waseme mbele ya watu: kiwanja hiki ni cha fulani. Na hasa tuwaangalie wajane. Mara ngapi mume ameuawa, na shemeji anarudi wa kwanza kudai ardhi? Nyumba ikijengwa kwa jina la shemeji, tumemfukuza mjane mara ya pili, tena kwa manjanja ya Kanisa.

Nipeni ruhusa nieleze kisa kimoja. Katika kijiji kimoja kikundi cha wanaojitolea kilileta ramani ya nyumba, moja kwa watu wote: vyumba viwili, mlango upande wa njia. Mama mmoja mzee aliomba mlango wake ugeuzwe upande wa nyuma, kuelekea jiko na mashamba. Wakamwambia haiwezekani, ramani imekwisha kukubaliwa. Nyumba ikamalizika, wakaimba, wakaondoka. Nilipopita baada ya miezi miwili nilikuta mlango wa mbele umezibwa kwa matofali, na nyuma ukuta umetobolewa. Nikamwuliza, Mama, kwa nini? Akasema: wale waliokuja usiku walikuja kwa njia; mimi nalala pale ninapoweza kuona shamba la kukimbilia. Hakuna mhandisi aliyemwuliza. Nyumba ilikuwa nzuri, waashi walikuwa wema, na ukuta uliotobolewa vile ulikuwa umeanza kupasuka juu ya tundu, kwani haukuwa na boriti. Nilimwekea boriti, nikaendelea na safari.

Tena wapo wasemao: hii ni salongo. Wazee wanakumbuka salongo ya siku za Mobutu, ilipokuwa lazima kila mtu atoke na jembe Jumamosi, na asiyetoka alipe. Neno lile limetuharibia kazi nyingi nzuri. Lakini babu zetu kabla ya salongo walikuwa na likelemba ya kazi, ambamo leo watu 10 hulima kwangu, kesho kwako, na mwenye zamu hupika. Kujitolea kunakodumu kunafanana zaidi na hilo. Mwenye nyumba asikae kivulini akitazama. Kama ni mgonjwa au mzee, mwanawe afanye, au yeye mwenyewe apepete maharagwe ya wafanyakazi. Sisemi hivi kwa ukali. Nimeona kwamba mtu aliyekanyaga potopoto ya nyumba yake huitengeneza inapopasuka, na aliyepewa ufunguo tu hungojea wafadhili warudi. Wafadhili, ndugu zangu, huwa hawarudi. Wana tufani nyingine mahali pengine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limesemwa chini chini katika mashirika yetu tangu halmashauri ilipotangaza kwamba kikundi cha parokia kitakwenda Djugu. Limesemwa hivi: tutawajengeaje watu ambao ndugu zao walitufanyia vile? Na wa upande wa pili wanasema hayohayo kwa maneno yaleyale. Nimeyasikia katika lugha zote mbili. Sitamjibu mtu aliyemzika mtoto wake kana kwamba maumivu yake ni upuuzi. Akisema hawezi kwenda, asiende, wala mtu asimnyoshee kidole. Lakini mimi nimejenga pamoja na vikundi vilivyochanganyika, na nimeona jambo. Siku ya kwanza kila upande hula peke yake. Siku ya tatu wanagombana juu ya kipimo cha kamba, kwa kuwa mmoja anasema ukuta umepinda na mwingine anasema haukupinda. Ugomvi ule ni mzuri: ni wa mafundi, si wa makabila. Sidai kwamba ukuta ule huleta amani. Amani ni kazi ya wenye bunduki kuziweka chini, na ya serikali, na ya Mungu. Nasema tu kwamba watu waliopima ukuta pamoja hujuana kwa majina, na katika nchi yetu kujuana kwa jina kumekwisha kumwokoa zaidi ya mtu mmoja.

Neno lingine ni zito zaidi: tunajenga nini, kama kitachomwa tena? Ni kweli kuna waliorudi Djugu, wakajenga, wakachomewa mara ya pili. Kwa hiyo sikubali tuwasukume watu watoke kambini ili hesabu za wakubwa zipendeze. Mwenye kurudi achague mwenyewe siku yake. Kwanza waende watu wachache watazame, walime kiwanja kimoja, walale usiku mmoja, warudi waeleze wenzao. Sisi tufuate nyuma yao, tusiwatangulie. Tukifika, tujenge kwa kadiri: paa, choo, mlango unaofungwa. Katika kitabu cha Nehemia imeandikwa jinsi watu wa Yerusalemu walivyojenga ukuta, wengi wao kila mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe, huku wakijua adui yu karibu. Hawakungoja hofu iishe. Wala hawakujifanya kwamba haipo, kwani waliweka walinzi.

Kikundi chetu basi kitaondoka baada ya Noeli, ikiwa waliotangulia kwenda kutazama watatuambia njia ni salama. Wasipotuambia hivyo, tutafanya kazi Kigonze, ambako vibanda vinahitaji mifereji ya maji. Watakaotaka kwenda waandikishe majina kwa katekista wao kabla ya Majilio. Tunahitaji waashi 6 na maseremala 4, na wengine wote wa kukanyaga potopoto. Akina mama wanaojua kukandika ukuta waje pia, kwani wanatushinda. Kila mtu alete jembe au ndoo yake, blanketi, na sahani. Unga na maharagwe vimeahidiwa na mashirika. Chumvi bado haijapatikana. Masista wa dispensari watatupa sanduku la dawa. Waya wa kufungia paa tumekwisha kununua, rola tatu, nazo ziko katika ghala nyuma ya sakristia.